Mke Haulizwi Safari ya Mashineni

Ilianza jana Ijumaa, saa kumi na nusu jioni. Mimi na shangazi Kalista tulikuwa uani tunapukuchua mahindi, kilio cha Dada Imelda kikapita ukutani. Dada Imelda ni jirani yetu hapa Majengo. Ana mtoto wa mgongoni, na mume ambaye akishakunywa hakaribiki. Mimi ni mwoga wa kusema, hata darasani jibu nalijua nalimeza, lakini jana neno lilinitoka: "Shangazi, tutanyamaza mpaka lini?"

Hakunigombeza. Alimaliza gunzi lililokuwa mkononi, akaanza kusema. Naandika alivyosema, yasinipotee.

"Mwanangu, iko siku moja haitoki kichwani mwangu. Nilikuwa bibi harusi wa juzi tu, na mkono huu wa kushoto nimeufunga kitambaa. Walioniuliza niliwaambia nimeanguka kisimani. Eh, Songea hii ilikuwa na visima vya kuangusha wanawake!

"Ni miaka ile soko la mazao limefunguliwa kwa kila mnunuzi. Ushirika unayumba, wanaume wanawauzia mahindi watu wa malori, pesa inalala kilabuni. Afisa maendeleo wa kata, mama mmoja mwembamba, akatuita sisi tuliopigwa. Hakuita wa kutusemea, alituita wenyewe. Akasema serikali inataka kufungua ofisi ya kutusaidia, ikae pale pale penye ofisi ya kata, na kibao kikubwa barabarani. Tukapiga makofi. Si unajua desturi yetu, serikali ikisema unapiga makofi kwanza, kuelewa baadaye.

"Bibi Otilia, mjane, mkubwa wetu wote pale, akanigeukia. 'Wewe Kalista, unapiga makofi kwa mkono upi? Huo uliovunjika?' Watu wakacheka, mimi machozi yakanilenga. 'Nani humu atapita chini ya kibao hicho mchana kweupe, na shemeji zake wamekaa hapo mbele wanacheza bao? Mama wa watu ametuita atuulize, ninyi mnamshangilia kama Mwenge wa Uhuru umepita!'

"Afisa hakununa. Hapo ndipo nilipompenda yule mama, mpaka leo. Alivua viatu, akaja kukaa nasi mkekani. 'Kitanda nisichokilalia sijui kunguni wake, mama zangu. Haya, niambieni.'

"Halafu nikasikia sauti yangu mwenyewe. Nikasema, mimi mume wangu ananiuliza safari zote. Nikitoka sokoni, ulisimama na nani. Nikitoka kanisani, ulikaa benchi gani. Safari moja tu haniulizi: ya mashineni. Mwanaume gani anataka ugali halafu amzuie mkewe kwenda kusaga? Wakacheka tena, lakini safari hii tulicheka pamoja. Mwingine akadakia, na foleni yake inakula nusu siku, hakuna wa kushangaa ukichelewa. Wa tatu akasema, na ile ngurumo, hata ukilia nani atasikia?

"Ubishi ukaja kwenye unga. Mtu akienda kusema shida yake, nani atamsagia? Ukirudi na mahindi yako vilevile, si umejichongea? Bibi Otilia akajipiga kifua: 'Mimi nitakaa kwenye foleni. Ndoo zenu nitazisogeza mimi.'

"Afisa alikwenda kupigania kwa wakubwa wake ofisi iwekwe mashineni, sijui aliambiwa nini huko, lakini alirudi anacheka. Unakijua kile chumba nyuma ya mashine, chenye pazia la kijani?"

Nilimwambia siku zote nimedhani ni stoo ya pumba.

"Ndivyo tulivyotaka udhani! Mle ndani ndimo ofisi yetu: yupo nesi, yupo na afisa wa kutusikiliza. Mimi niliingia na mkono umevimba, nikatoka na unga. Wala hawakuishia hapo. Kila walipotaka kubadili kitu walituita tena, wakauliza, wakaandika, wakafanya. Serikali inayouliza, mwanangu, niliiona kwa macho yangu. Ilikaa mkekani bila viatu.

"Basi sikia. Una kichwa, huenda ukaja kukaa ofisini. Usimpangie aliyeumia njia ya kutokea kabla hujamwuliza ni milango gani anaijua. Mwenye donda ndiye ajuaye linapouma. Imelda naye usimburute, wala usimwambie amwache mumewe; maneno hayo ni yake kuyasema. Wewe mwonyeshe pazia, usogeze ndoo. Mungu akupe masikio mapana, akufungue na huo mdomo taratibu, na akujalie nyumba isiyo na kisima cha kukuangusha."

Akanipulizia makapi kichwani, tukaendelea kupukuchua.

Leo asubuhi nimejaza mahindi kwenye ndoo, nimekwenda kubisha hodi kwa Dada Imelda. Mumewe alikuwa mlangoni anapiga mswaki.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Unasemaje?"

"Nimemfuata dada. Twende naye mashineni."

Akatema povu. "Nendeni, hata unga wenyewe umeisha."

Dada Imelda alinitazama, akamfunga mtoto mgongoni, akajitwisha ndoo yake. Njiani nilimwambia yote, maneno mengi kuliko niliyowahi kumwambia mtu. Foleni ilikuwa imefika barabarani. Alisimama pale akilitazama pazia la kijani, kisha akaitua ndoo chini, karibu na miguu yangu, akaliendea.

Niliisogeza.