Kiti Kilichovuliwa Nailoni

Mimi kwenye mambo ya viti sidanganyiki. Mungu hakuninyima mwili, na kiti kibovu nakitambua hata kabla sijakikalia. Kwa hiyo nilipofungua ofisi yangu ya uwakili hapa mtaani kwetu Lizaboni, chumba kimoja katikati ya saluni na duka la vyombo, nilimwambia mume wangu: rangi chagua wewe, pazia chagua wewe, viti niachie mimi.

Nilikuwa na sababu. Miaka yote niliyofanya kazi kwa wakili mwingine, bosi alikalia kiti kirefu cha ngozi, cha kuzunguka, na wateja walizama kwenye sofa laini lililowapandisha magoti hadi kifuani. Nimewaona watu wazima, waliokuja na maneno yao yamenyooka, wakikaa pale na kuanza, "Basi mheshimiwa, kama utakavyoona wewe." Mtu ametoka kwake anadai shamba, anaondoka ameomba radhi! Iliniuma sana. Nikajiapiza kwamba kwangu mtu atakaa na kusema yake yote. Kama hatasema, basi nifunge ofisi nikauze maandazi, ijulikane moja.

Mjini, muuza viti alitupokea kwa bashasha akatupeleka moja kwa moja kwenye kiti kikubwa cheusi. "Mama, cha bosi ndicho hiki," akasema, akakizungusha. Nikakaa. Kikalia kwii!

"Ndugu yangu," nikamwambia, "mteja akilia na kiti kikilia, nitamsikiliza nani?"

Mume wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Nikapita kwenye viti vyenye mikono, nikavikataa vyote. Mama mwenye mtoto mgongoni na kikapu mkononi atajipenyezaje pale? Mimi mwenyewe kuingia ningeingia, kutoka ndiyo ingekuwa kazi. Mwisho nikavipata nilivyovitaka: vya mbao, vipana, sponji ngumu, kitambaa cha bluu, egemeo lililonyooka, miguu haiyumbi. Nikavitikisa kimoja kimoja huku muuzaji ananuna. Nikachukua sita, vyote sawasawa.

"Na chako?" mume wangu akauliza.

"Si ni kimojawapo cha hivi?"

"Wakili gani anakalia kiti sawa na cha mteja? Watajuaje mkubwa ni nani?"

"Wasijue," nikamjibu, na tukapakia.

Vilikuja vimevalishwa nailoni. Ya changu niliichana siku ileile maana ilinigandia mapajani. Nilipotaka kuendelea na vile vitano, mume wangu alinishika mkono. Masika hii, akasema, na tope hili jekundu? Acha kwanza watu wavione vipya. Na kusema ukweli hata mimi nilipenda vilivyokuwa viking'aa. Nani kwetu anakivua kiti nailoni wiki ya kwanza? Kuna sebule hapa Lizaboni watoto wamezaliwa mpaka wakamaliza darasa la saba juu ya nailoni.

Mteja wangu wa kwanza kabisa alikuwa bibi mmoja aliyetoka Mshangano. Alipiga hodi, nikainuka kumpokea.

"Tumsifu Yesu Kristu," akasema.

"Milele na milele, amina. Shikamoo bibi. Karibu, karibu kiti."

"Marahaba, mwanangu."

Akavua kandambili zake mlangoni. Akavitazama viti, akatazama pindo la kitenge chake lililolowa tope. Kisha akajishusha taratibu, akakaa sakafuni palepale karibu na mlango.

"Hapa panatosha. Nimekuja kuuliza tu, niende zangu."

"Bibi, sakafu ina baridi hiyo! Kaa kwenye kiti."

"Aa, nitachafua vitu vya watu. Bado vina nailoni."

Akaanza kueleza huku anaongea na sakafu. Tangu mumewe azikwe, shemeji yake analitaka shamba la mahindi alilolilima yeye tangu aolewe. Labda huyo shemeji ana haki, hajui. Yeye bibi ni mtu wa kuja tu pale. Kama wakubwa wataona inafaa apewe kipande, sawa, na kama hawataona, sawa pia. Ilikuwa sauti ileile ya kwenye sofa. Nilisikia hasira inanipanda, si kwake, ni kwangu na zile nailoni zangu.

"Bibi, nisamehe," nikasema. "Siandiki hata neno moja mpaka ukae kwenye kiti. Vyote ni vyako. Chagua unachokitaka."

Alinitazama kama anayepima ukali wangu ni wa kweli au wa mdomoni. Akainuka. Akakipita kiti cha kwanza, akakipita cha pili. Cha tatu akakigusa, nailoni ikalia, akaondoa mkono haraka. Kisha akaizunguka meza na kukaa kwenye kiti changu.

"Hiki kimeshazoea watu," akasema. "Hiki sitakiharibu."

Weee! Nilibaki nimesimama katikati ya ofisi yangu mwenyewe. Nikavuta kiti cha mteja, nikakaa, nailoni ikapiga kelele chini yangu, nikashika kalamu. Yeye akaegemea, akajaribu mgongo, akaridhika. Akaiweka mikono yake miwili juu ya meza, mikono ya jembe, na kwa mara ya kwanza akaninyanyulia macho.

Hapo mume wangu akaingia na chupa ya chai. Akamtazama bibi nyuma ya meza, akanitazama mimi, na uso wake ukawa na kicheko anachokimeza.

"Shikamoo, bibi. Leo wakili ni yupi hapa?"

"Marahaba. Wakili ni huyo," bibi akajibu, akanionyesha kwa kidevu. "Mimi ni mwenye shamba. Haya mwanangu, andika."