Ngendo Aliachishwa Fizikia

Gikonyo ni fundi wa pampu za maji pale Naromoru, na tangu mke wake afariki amemlea peke yake binti yao, Ngendo. Kwa kuwa msichana ana jina la nyanyake mzaa baba, babake humwita Mami. Akiwa darasa la sita tayari alikuwa anafungua pampu na kuirudisha bila kubaki na skrubu mkononi. Alisema atasomea uhandisi wa maji, na Gikonyo akawatangazia watu wote wa kanisa.

Mwisho wa Kidato cha Pili, Ngendo alirudi kutoka shule ya bweni na karatasi ya kuchagua masomo ya miaka miwili iliyobaki. Asubuhi hiyo babake alikuwa amepigiwa simu kutoka shamba la maua karibu na Nanyuki: pampu imekufa na miche inakauka.

"Baba, wamenitoa Fizikia," alisema. "Ati wenye wako chini ya hamsini waache. Mimi niko na arobaini na saba."

"Na mwalimu anasemaje?"

"Anasema nichukue Jiografia, hiyo nitapita."

"Basi mwalimu ndiye anajua, Mami."

Akaiweka karatasi juu ya tangi la pikipiki, akatia sahihi, akaondoka. Hakuuliza kwa nini alama zilikuwa arobaini na saba. Angeuliza, angeambiwa kwamba mwalimu wa Fizikia aliondoka mwezi wa tano na hakuletwa mwingine mpaka wa tisa.

Ngendo alimaliza shule na B. Siku ya kuchagua kozi za chuo kikuu walienda wote wawili kwenye saiba ya Ben, kibanda cha intaneti karibu na soko. Ben alitafuta uhandisi wa maji, akasoma kimya, kisha akawageuzia kompyuta wajionee. Hesabu, Kemia, Fizikia. Akajaribu vyuo vingine vinne. Fizikia kila mahali.

"Kuna utalii hapa," alisema kwa upole. "Kuna ualimu wa Jiografia. B si mchezo, wengi wanaililia."

Ngendo aliinuka akatoka nje.

Jumatatu Gikonyo alienda shuleni kumwona Bwana Muriithi, mwalimu aliyesimamia uchaguzi wa masomo. Alienda na hasira. Muriithi hakubishana naye. Alifungua kabati, akatoa faili, akaweka karatasi mezani.

"Hii sahihi ni ya nani, Baba Ngendo?"

"Ni yangu."

Muriithi alifunga faili. "Mwaka huo tuliwatoa wasichana ishirini na wawili. Tulitaka wastani wa somo upande, na ukapanda. Hakuna mzazi hata mmoja alikuja kuuliza. Lakini sisi ndio tulijua inafunga mlango gani, na hatukuwaambia."

Afadhali angenitukana, Gikonyo alisema baadaye.

Nyumbani alimweleza bintiye yote, akamwomba msamaha. Ngendo alikuwa anachambua maharagwe.

"Wewe ulikuwa na haraka," alisema bila kuinua macho, na kwa wiki mbili hakumwambia lingine ila la chakula na la ng'ombe.

Kisha akajiamulia. Alijiandikisha katika shule ya kutwa huko Chaka kurudia Kidato cha Nne, akiwa na miaka kumi na tisa, amevaa tena sketi na soksi ndefu kati ya watoto waliomwita "shosho", yaani nyanya. Fizikia aliianza pale alipoiachia, huku wenzake wakiimaliza. Mwalimu mmoja kijana alikuwa akimfungulia maabara saa ya chakula cha mchana. Gikonyo alimwona anakonda, akaogopa kumwambia apumzike.

Matokeo yalipotoka, Fizikia alikuwa na B-. Lakini masomo mengine yalikuwa yameteleza. Jumla ikawa C+, na nafasi za uhandisi zikajaa kabla ya kumfikia. Sasa anasomea diploma ya teknolojia ya maji katika chuo cha ufundi. Ni miaka mitatu, ndipo aombe digrii.

Mwezi uliopita alikuja nyumbani wikendi, na babake akamwuliza kama anayapenda masomo.

"Nayapenda, baba. Lakini wenye nilisoma na wao watakuwa wameajiriwa nikiwa bado mwanafunzi."

Gikonyo alimwongezea chai. Mvua ilianza kupiga mabati, na Ngendo akatoka mbio kuanua nguo.