Roho Thelathini za Kimamba

Plastiki ikipata moto hutoa harufu tamu kidogo, yenye ukali unaokwaruza koo, na kila ninapoinusa hurudi Kimamba, katika banda la Mzee Chande lililokuwa jirani na reli. Zamani lilikuwa ghala la shamba la mkonge. Nyuzi kavu zilikuwa bado zimenasa katika nyufa za mbao, hivyo harufu ya adapta iliyochemka ilichanganyika na ile ya kamba mpya. Mzee Chande, mstaafu wa reli, aliweka humo televisheni ndogo na mashine ya gemu ambayo jina lake lilikwishafutika kwa kushikwashikwa. Mchezo wetu ulikuwa mmoja tu: mtu mfupi mwenye kofia ya njano alipaswa kupita mageti saba, akiruka mashimo na kukwepa popo, na maandishi yake yalikuwa ya nchi ya mbali, hakuna aliyeyaelewa. Kila mchezaji alipewa roho tatu. Zikiisha, alimwachia mwenzake padi ya vitufe na kurudi kwenye benchi, mahali ambapo kila mtu alikuwa bingwa wa kucheza kwa mdomo. “Subiri popo apite. Subiri. Wewe, si nimesema subiri?” “Kashakufa huyo.” “Pisha, marehemu, wenzako tuna haraka.” Geti la saba hakuna aliyewahi kulipita, na kila mtoto alikuwa na maoni yake kuhusu kilichokuwa nyuma yake.

Likizo ile binamu yangu Rehema, mtoto wa mjomba, alikuja kutoka Mikumi. Mikumi hakukuwa na mashine kama ile, lakini kulikuwa na barabara kuu na malori yaliyolala hapo, na kutoka kwa mtoto wa dereva mmoja alikuwa amejifunza siri: mchezo ukianza, bonyeza chini, chini, kushoto, juu, kisha kitufe chekundu mara mbili, nawe utapewa roho thelathini badala ya tatu. Rehema alitaka jambo moja tu, nami nililitaka kwa niaba yake: aone kilichokuwa nyuma ya geti la saba kabla mjomba hajaja kumchukua Jumamosi. Siku ya kwanza alibonyeza mbele ya benchi zima, roho zikabaki tatu. “Siri za Mikumi hizo,” mtu alisema, “zimekolea moshi wa malori.” Akazima mashine, akaiwasha upya. Wakati huohuo Mzee Chande aliingia. Sote tukasimama: “Shikamoo, babu.” Naye, kwa mwendo wake wa treni ya mizigo, akajibu, “Marahabaa, wajukuu zangu. Hamjambo? Mama zenu hawajambo?” Rehema alisubiri hadi salamu ikaisha, kama adabu ilivyotaka, ndipo akabonyeza. Pembeni mwa kioo pakatokea thelathini.

Tulichohitimisha ni kile ambacho watoto waliolelewa vile wangehitimisha: mashine haitoi roho kwa watu wasio na adabu. Tangu siku hiyo, kila ilipowashwa, mmoja wetu alikimbia mlangoni kumwamkia Mzee Chande upya, hata kama alikwishamwamkia mara kadhaa asubuhi hiyo, na wa kwenye padi alingoja marahaba ikamilike. Mimi, niliyekuwa mtu wa kutafuta kanuni tangu utotoni, nilifanya majaribio. “Mambo” iliyojibiwa “poa” haikuzaa kitu. “Habari” ilizaa mara moja, mara nyingine ikagoma, nikakosa usingizi kwa sababu yake. Shikamoo haikugoma hata siku moja. Mzee Chande aliwaambia wapita njia kwamba watoto wa siku hizi wanasingiziwa tu, kumbe wana heshima ya ajabu. Na kwa roho zile nyingi, Rehema alikufa kifahari kila siku katika geti la sita na la saba, akijifunza shimo liko wapi na popo hutokea upande gani.

Ijumaa, siku yake ya mwisho, Mzee Chande alikuwa amekwenda Kilosa mjini kwenye arusi, banda akamwachia mpwa wake Saidi, kijana aliyekuwa ndiyo kwanza anaota ndevu. Mashine ikawashwa, nami nikakimbia mlangoni. “Shikamoo, kaka Saidi.” Akanitazama kama niliyemtukana. “Shikamoo nani? Mimi mzee mimi? Rudi kakae.” Marahaba haikuja. Rehema akabonyeza kwa wasiwasi, mapema, na roho zikasomeka tatu. Kuwasha upya Saidi alikataa katakata; foleni ilikuwa ndefu. Rehema akanong’ona, “Basi, ndizo hizohizo.”

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Rehema aliinama hasa, pua yake karibu iguse kioo. Geti la tatu lilichukua roho moja, la sita likachukua ya pili. Kwenye geti la saba hata Saidi akaacha kula karanga. Popo wakaja wawili, akawapisha. Shimo likaja, akaliruka. Kisha geti likafunguka. Nyuma yake kulikuwa na meza, na yule mtu mfupi akavua kofia, akaketi, akala. Ni hivyo tu. Kisha mchezo ukaanza upya, popo wakiwa wepesi zaidi. “Kumbe alikuwa na njaa tu,” alisema Rehema, na tulicheka hadi Saidi akatutoa nje.

Mwaka huu nimeupata mchezo uleule kwenye simu, na nimegundua kwamba mashine hupokea vile vitufe baada tu ya kukamilika kwa picha ya mlima inayojichora polepole mchezo unapoanza. Marahaba ya Mzee Chande ilikuwa na urefu uliotosha. Simu pia huniruhusu kuhifadhi kila hatua, nisife kamwe. Niliona ile meza kwa jioni moja, sikucheka, wala hapakuwa na mtu wa kumwonyesha. Nilikuwa nimekimbilia mchezo huo kwa sababu watahini walikuwa wameirudisha tasnifu yangu ya uzamili na maoni mengi, nami niliogopa kuyafungua, nikitamani tu mtu aninong’oneze njia ya mkato. Sasa nadhani nilikosea kuhusu kitu nilichokuwa nikikikosa. Utotoni tulishindwa hadharani, tukizomewa na kuelekezwa kwa mkupuo mmoja. Ukubwani nimekuwa nikishindwa chumbani, mlango umefungwa. Jumapili iliyopita nilipanda basi hadi Mikumi. Rehema, ambaye sasa ni mwalimu wa hisabati, alisonga ugali huku nikimsomea sura ya tatu kwa sauti, pamoja na yote waliyoyaandika watahini. Nilipomaliza ukurasa wa pili aliuacha mwiko. “Sijaelewa kitu,” alisema, “na naona hata wewe mwenyewe hujaelewa. Soma tena.” Nikasoma tena.