Nililia kwenye kaburi la wengine

Bon, mutanicheka, lakini nitasema. Juzi nilipanda basi hapa Gisenyi kwenda kumuzika Verediana, rafiki yangu wa utoto, kule kwao mulimani. Mama mumoja ndani ya basi akaniuliza, "Mukecuru, bibi yangu, unajua pa kushuka?"

"We mutoto, mi nilipanda ule mulima mama yako hajaolewa bado!"

Nilipoona watu wanapanda mulima na sanduku la maiti, nikashuka, nikawafuata, magoti inauma, maua mukononi. Kwenye kaburi nikasukuma watu, nikaanguka juu ya udongo nikilia. Nikaita watoto wake wote kwa majina: Fidèle, Consolata, Anastase, hata Gaudence aliyekufa akinyonya. Hakuna aliyeitika. Nikawagombeza, "Mama yenu anaingia mu udongo, na ninyi munanyamaza tu!"

Mujane akanishika mukono polepole. "Mama, humu iko bwana yangu. Kwa Verediana ni ule mulima wa pili."

Nikageuka. Ng'ambo ya bonde watu walikuwa wanateremuka tayari, majembe begani.