Friza ya Mama Barafu

Dada yangu anauza barafu za vifuko, na mtaa mzima unamwita Mama Barafu. Friza yake imekaa sebuleni kama mgeni wa heshima. Sisi wengine tunakalia ndoo. Akikipenda kitu, anakigandisha. Nyama, unga, hata mishumaa aliwahi kuitia humo. Ukimuuliza anakujibu, "Kikishakuwa jiwe, hakiozi."

Binti yake wa miaka minane tunamwita Chiriku kwa ajili ya mdomo wake. Mwaka jana mdomo huo ukanyamaza. Akipanda ngazi mbili anakaa chini, viganja vimempauka. Tukampa dawa ya kuongeza madini ya chuma, tukamlisha mboga za majani mpaka akalia. Damu haikupanda ng'o! Dada akachanganyikiwa, mimi ndiyo usiseme.

Hospitali wakasema figo zake zimechoka. Nikang'aka, "Figo na damu wapi na wapi?" Daktari, mama mmoja mpole kuliko nilivyostahili, akatueleza kwamba figo ndizo zinazotoa homoni ya kuuamuru uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu za damu.

"Tumeipima homoni hiyo," akasema. "Iko kawaida."

"Afadhali!" dada akashusha pumzi.

"Hapana, mama. Hiyo ni kawaida ya mtoto mwenye damu ya kutosha. Kwa damu kidogo kama ya huyu, ilitakiwa iwe imepanda sana."

Jamani! Kawaida nayo ni ugonjwa? Tulirudi nyumbani tukigombana njia nzima, na hakuna aliyejua tunagombania nini.

Tukapewa homoni yenyewe, vichupa vidogo vya sindano. Kila Jumatatu tuchukue kimoja, tumpeleke mtoto zahanati akachomwe. Tukaambiwa dawa ikae kwenye baridi. Dada akacheka kwa mara ya kwanza baada ya miezi. "Baridi? Hapo wamefika kwenyewe!"

Miezi miwili tukachoma. Damu ikazidi kushuka. Daktari akasema hali ikiendelea hivyo, itabidi mtoto aongezewe damu, jambo alilokuwa akilikwepa. Nilimlaumu nesi, nikailaumu dawa, nikamlaumu na shemeji yangu ambaye hata hakuwepo. Niliogopa, basi. Chiriku alikuwa analala mchana kutwa.

"Dawa mnaihifadhi wapi?" daktari akauliza.

"Kwenye friza, daktari, chini kabisa," dada akajibu kwa majivuno. "Kila Jumatatu naiyeyusha kwenye maji ya vuguvugu mpaka inarudi kama mpya."

Daktari akaweka kalamu mezani. "Mama, dawa hii ikiganda inaharibika. Inataka ubaridi wa friji, si wa friza."

Dada akaanza kuzihesabu zile Jumatatu kwa vidole. Mimi nilikuwa nayo maneno, tele, lakini nilimtazama mikono nikayameza.

Nyumbani hatuna friji. Tuna friza hiyo moja inayotulisha. Dada akaifungua, akazungusha kitufe cha baridi akakirudisha nyuma, akatumbukiza kipimajoto alichopewa na daktari. Siku mbili alikuwa akikichungulia na kukisogeza kitufe, mpaka kipimajoto kikasoma alivyoagizwa. Ndipo akaenda hospitali kuchukua vichupa vipya, akaviingiza. Barafu zote zilikuwa zimeyeyuka, nikapiga deki huku nanung'unika.

"Na biashara?" nikamuuliza.

"Nitauza maji baridi."

Wateja wakaja wakabonyeza vifuko, wakasonya, wakaenda zao. Tukachoma sindano. Wiki ya kwanza kimya, ya tatu kimya. Sikuelewa tena kama tunatibu au tunajidanganya.

Wiki ya saba Chiriku akatoka chumbani kwa miguu yake, akafungua friza, akabonyeza kifuko.

"Mama! Unawauzia watu maji unasema barafu? Aibu gani hii? Na wewe mama mdogo umekaa tu, unaangalia! Nani amekizungusha hiki kitufe?"

Hakunyamaza mpaka adhuhuri. Dada alikaa kwenye ndoo, machozi yakimtiririka, na kila mtoto aliposita kuvuta pumzi alimwambia, "Endelea, mwanangu. Nigombeze."