Uso wa Mlevi Sokoni Tengeru

Mwalimu wetu wa sanaa, Mwingereza, alitaka kila mwanafunzi abuni bango la picha la mchezo wa chuo kuhusu mlevi. Mimi, fundi wa kujisifu, nikampiga picha rafiki yangu akiwa na kibuyu cha mbege, pombe ya ndizi, nikambandika uso wenye ndita niliouokota kwenye picha zilizotupwa na studio ya mjini, nikaandika jina langu kwa herufi kubwa. Bango likatundikwa sokoni Tengeru. Watu walicheka, nikavimba kichwa.

Jumamosi nikaenda na mjomba kumposa Naomi. Baba yake, mzee wa kanisa nisiyewahi kumwona, akafungua mlango. Uso ule ule wa kwenye bango!

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Mbege mmeleta?” Akaangua kicheko. “Basi nimiminie kwenye kibuyu, mkwe wangu. Tengeru nzima inajua nanywea humo.”