Gemu Niliyomsimulia Kaka Yangu

Siku ya tatu baada ya kumzika mama, wageni wengi wakiwa wameshaondoka na maturubai yamekunjwa, binti wa kaka yangu alinifuata jikoni na simu mkononi. Nilikuwa nachambua mchele. Aliniuliza ile gemu tuliyokuwa tukicheza na baba yake utotoni inaitwaje, maana ameitafuta haioni. Nikamwambia amuulize baba yake. Akasema ameshamuuliza, na baba yake amemjibu kwamba yeye hakuiona. Aliyeiona ni shangazi.

Jibu hilo lilinichoma, lakini lilikuwa la kweli, nikaweka ungo chini nikajaribu kumweleza. Kuna kitu katikati ya kioo, nikasema, si mtu wala mnyama, kinafanana na bonge la ugali uliopoa. Ukibonyeza kulia, bonge haliendi kulia. Vitu vingine vyote ndivyo vinavyosogea kushoto. Nyuma yake linaacha kivuli, na ukikigusa hicho kivuli chako mwenyewe unarudishwa mwanzo. Akauliza adui ni nani. Hakuna adui. Bunduki? Hakuna. Sasa unashindaje? Nikamwambia sijui unashindaje, sikuwahi kufika huko. Mtoto wa watu akaandika, akafuta, akaandika tena. Simu ikamletea nyoka, magari ya mashindano na matofali yanayoanguka. Mwishowe akasema, kwa adabu zote, "Shangazi, unaieleza kama mtu anayesimulia ndoto," akaenda zake.

Wewe nawe umewahi kujaribu? Mechi ya mpira inaelezeka hata kwa mtu ambaye hajawahi kugusa mpira. Gemu ya mtu anayeruka mashimo inaelezeka. Lakini gemu ya ajabu, isiyofanana na kitu chochote duniani, ukiianza tu unaonekana umechanganyikiwa. Mimi nilikuwa na umri wa miaka kumi na moja nilipogundua kwamba kuna njia ya mkato, na mpaka leo najuta kuigundua.

Ipuli, mtaa tuliokulia, wakati huo ilikuwa na mchanga mwingi kuliko nyumba. Nyua zilikuwa za minyaa, na asubuhi tulifagia uwanja hadi mistari ya ufagio ikabaki mchangani kabla kuku hawajaivuruga. Jioni tulipanga ndoo bombani tukisikiliza honi ya treni ikiingia stesheni, na watu wazima wakibishana kama imechelewa saa mbili au saa nne. Msimu wa maembe mji mzima ulinuka maembe yaliyooza. Bibi, mama yake mama, alikaa kwenye mkeka akimenya karanga tangu alasiri, na pembeni yake hapakukosekana bakuli la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga za kusaga. Mikono yake haikupumzika, na mdomo pia.

Babu yake bibi alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu hadi pwani akarudi na shanga na maguu yaliyochanika, na urithi pekee aliomwachia mjukuu wake ni namna ya kueleza njia. Msafara ukikaribia nchi ya ukame, alitusimulia bibi, mtu mmoja hutangulia kutazama maji. Akirudi huwaeleza wenzake wamesimama wapi, wanaelekea wapi na maji yako wapi, basi. "Aliyetumwa kutazama maji haongezi kisima," alisema, kwa sababu watu watakunywa na kumaliza yaliyomo kwenye vibuyu kwa kuamini neno lake. Bibi aliitumia kanuni hiyo kwa mambo yote, hata umbea wa harusi. Ukimsimulia ovyo alikukatiza: "Mimi bado niko mlangoni." Maana yake hujamwonyesha hata pa kusimama. Ulilazimika kuanza upya, na yeye akiendelea kumenya karanga zake huku anakusikiliza kwa jicho la hakimu.

Jirani yetu alikuwa mzee mstaafu wa reli. Alinunua mashine ya gemu ya kuchomeka kwenye televisheni kwa ajili ya wajukuu zake walioko Dar es Salaam, ambao kila likizo walitarajiwa na kila likizo hawakuja. Alipochoka kuwasubiri akatufungulia mlango sisi wa jirani. Masharti yake yalikuwa kunawa miguu, kutosukumana, na kuondoka taarifa ya habari ikianza. Yeye alikaa kwenye kiti chake na redio ya mkulima, ile ndogo ya betri, mapajani, hakutazama kioo hata mara moja. Nadhani alitaka tu nyumba iwe na sauti za watoto.

Kaka yangu, aliyenizidi miaka miwili, ndiye aliyekuwa bingwa. Vidole vyake vilikuwa vyepesi, na hakuringa sana, aliringa kiasi. Halafu akaanza kusema kioo cha mzee kina ukungu. Baadaye ubao wa darasani nao ukawa na ukungu, kisha nyuso zetu. Hospitali walitaja presha ya macho na kwamba amecheleweshwa. Mama aliuza vitenge vyake, akamzungusha kila mahali alipoelekezwa, na kabla ya mwaka kwisha kaka akawa haoni hata mwanga wa mlangoni. Akaacha kusema. Alikaa uwanjani mgongo ukiegemea ukuta, akitenganisha karanga na maganda kwa vidole, na watoto wenzetu wakawa wanapita bila kumsalimia kwa sababu hawakujua wamwambie nini. Mimi mwenyewe sikujua.

Likizo ilipoanza, siku moja nikamshika mkono nikampeleka kwa mzee wa reli. Nilimwambia yeye atakuwa mikono, mimi nitakuwa macho. Wiki hiyo mzee alikuwa amepata sokoni kaseti ngeni yenye maandishi ya vijiti vijiti, na ndani yake mlikuwa na gemu ile ya bonge. Wengine waliijaribu wakaisusa. Tukaachiwa sisi.

Tatizo likaanza papo hapo. Kabla sijamaliza kusema "kile kitu kama bonge kinakaribia yale mabuluu yaliyolala," kaka alikuwa ameshakufa na gemu imerudi mwanzo. Aliniuliza kwa upole anasimama wapi. Nikajaribu tena, akafa tena. Watoto wakaanza kucheka, na nikaona uso wake unafunga kama ulivyokuwa kule ukutani. Hapo ndipo nilipoikimbilia njia ya mkato. Nikamwambia wewe ni kuku. Mistari ya buluu ni mto. Yale maboksi ni nyumba, na kivuli ni fisi anayekufuata nyuma. Basi, mambo yakanyooka. "Mto, ruka. Fisi, kushoto." Vidole vyake vikaamka, na vicheko vikaisha.

Kama ningeishia kwenye majina, huenda nisingekuwa na la kukusimulia leo. Lakini kaka alitaka kujua zaidi. Aliuliza kama nyumba zina milango. Nikasema zinayo. Akauliza kama kuna watu. Kulikuwa na maboksi ya kijivu tu, lakini nikasema kuna mama mmoja anaanika michembe juu ya paa, na kuku akipita anamtishia kwa ufagio. Kaka akacheka. Ilikuwa miezi tangu nimsikie akicheka, na mimi nilikuwa mtoto, nikapenda kuwa mtu aliyemchekesha. Kesho yake nikaongeza soko. Keshokutwa nikaongeza stesheni. Na kwa kuwa kila siku tulifia hatua ya pili, na nilikuwa nachoka kurudia, siku moja nikasema, "Tumevuka." Likizo ilipofika katikati, kaka alikuwa anajua tuko hatua ya tisa.

Jioni alimsimulia bibi. Niamini, hakuna mtu aliyewahi kueleza gemu vizuri kama kaka yangu. Alianza na pale kuku anaposimama, akaenda mtoni, akapanda hadi sokoni, na bibi hakubaki mlangoni hata mara moja. Bibi alisema leo ametembea mpaka miguu inamuuma. Kisha akageuza macho kwangu, akanitazama muda mrefu. Niliinamisha kichwa nikajifanya nachagua karanga mbovu.

Ndipo akaja binamu yetu kutoka Sikonge, mtoto wa mjomba. Baba yake alileta ndoo ya asali, na yeye alileta mdomo usiokuwa na breki. Kaka alifurahi sana. Alitaka kumwonyesha kwamba hata bila macho amefika mahali ambapo hakuna mtoto mwingine Ipuli aliyefika. Njia nzima alimweleza binamu habari za mto, soko na yule mama. Mimi nilitembea nyuma yao nikichapa minyaa kwa kijiti. Ningeweza kusema. Njia ilikuwa fupi, lakini kukiri hakuhitaji njia ndefu.

Tukakaa. Kaka akashika padi ya kuchezea, nami nikaanza kwa sauti ndogo. Binamu akatazama kioo, akanitazama mimi, akatazama kioo tena.

"Mbona hapo hakuna kuku?" akasema. "Kuna kidude tu. Na mko ya pili."

Mzee wa reli alipunguza sauti ya redio yake. Ningefurahi kama watoto wangecheka. Kaka alinigeuzia uso.

"Kuna mto?"

"Kuna mistari," nikasema. "Ya buluu."

"Na yule mama?"

Kaka akaiweka padi juu ya mkeka taratibu kana kwamba ni yai. Akasimama, akapapasa ukuta hadi mlangoni, akatoka. Nilipomfuata kumshika mkono aliusogeza pembeni bila hasira. Alikwenda nyumbani akipapasa minyaa, peke yake kwa mara ya kwanza, na alijikwaa mara mbili.

Nilimwomba radhi jioni ile ile. Akaniambia yameisha. Kaka si mtu wa kinyongo, na kweli yaliisha. Mwaka uliofuata alipata nafasi shule ya bweni yenye wanafunzi wasioona, akajifunza kusoma nukta nundu, akawa mwalimu, akaoa. Hunipigia simu kila Jumapili. Ada yangu ya chuo mwaka wa mwisho alichangia yeye. Ila tangu siku ile hajawahi kuniuliza kitu kikoje. Tukiwa njiani pamoja, nikianza kumweleza kwamba pale wamejenga ghorofa au mbele kuna ng'ombe wanavuka, husema, "Haya, asante," kama unavyomjibu mchuuzi wakati huna nia ya kununua kwake. Bibi alipokuwa mahututi nilimwomba anisaidie kurudisha imani ya kaka. Akasema ameshasikia maneno mengi maishani, lakini hajasikia la kufanya kisima cha uongo kitoe maji.

Sasa hivyo vyote havipo. Nyumba ya mzee wa reli ilivunjwa, pamejengwa fremu za maduka, na moja ni ya kuosha pikipiki za bodaboda. Minyaa imeng'olewa, kuna kuta za tofali zenye vipande vya chupa juu. Mchanga umewekwa vitofali. Watoto wanacheza gemu kila mmoja na simu yake, kichwa chini, na hakuna anayehitaji kuelezwa chochote na mwenzake. Wala sitasema zamani kulikuwa bora. Nasema tu kwamba kulikuwa na mtu mmoja aliyekaa bega lake likigusa langu akanywa kila neno nililosema, na huyo sijampata tena, ingawa yu hai na yuko chumba cha pili anazungumza na wageni.

Siku ya kumuaga mama, jeneza liliwekwa sebuleni na watu wakapita mmoja mmoja. Zamu yetu ilipofika nilimshika kaka kiwiko nikamsogeza karibu. Aliugusa ukingo wa jeneza kwa viganja viwili. Upande wake wa pili alisimama binamu wa Sikonge, ambaye siku hizi ni mfanyabiashara wa asali na mdomo wake haujabadilika; asubuhi hiyo tu alikuwa amegombana na wapishi. Kaka aligeuza uso. Nikavuta pumzi. Akaugeuza kwa binamu.

"Binamu, nieleze mama yukoje."

Binamu alimtazama mama kwanza, kwa muda. "Wamemfunga kitambaa cheupe," akasema. "Amekonda. Shavu la kushoto limevimba kidogo, na mdomo haukufumba vizuri. Hafanani sana na alivyokuwa."

Kaka akaitikia kwa kichwa polepole, akasema asante, na machozi yakamtoka. Alilia kama mtu aliyefika.

Mimi nilikuwa nimesimama pale bado nimemshika kiwiko, na maneno yangu nilikuwa nimeyapanga tangu alfajiri. Ningemwambia amelala tu. Ningemwambia anatabasamu.